TELEVISHENI YA HABARI IJIFUNZE KWA RELI



Naomba nafasi katika karatasi yetu hii niseme jambo ambalo huenda wengine wakaona si letu. Najua mtu ataniuliza: "Wewe ni mtu wa gengi, kazi yako ni nyundo na spana, televisheni yakuhusu nini?" Yanihusu kwa sababu mbili. Kwanza, wanaoitumikia televisheni ni wafanya kazi kama sisi, na miaka hii wameachishwa kazi kwa makundi. Pili, ugonjwa unaozimaliza stesheni za habari naujua, kwa kuwa ndio ulioila reli yetu. Aliyewahi kuugua malaria hahitaji daktari kumweleza kwa nini jirani yake anatetemeka.

Naanza na jambo lililonipata mwenyewe.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua kubwa, nilikuwa likizo. Nilitoka Kisumu nikafika Homa Bay asubuhi, nikaketi katika hoteli moja karibu na steji ya matatu ninywe chai. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp, umetoka kwa mtu aliyeupata kwa mtu mwingine. Ulisema shimo la dhahabu limeporomoka upande wa Nyatike, na watu 12 waliokuwa ndani wamekufa wote. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, huchimba huko. Nikampigia. Simu yake haikupatikana.

Mle hotelini mlikuwa na televisheni ukutani. Nikamwambia mwenye hoteli, "Mama, tafadhali tuwekee stesheni ya habari." Akaweka. Jina la stesheni siliandiki. Ni moja ya zile zinazojiita za habari mchana na usiku. Tukawaona mabwana wanne wenye tai, wameketi kwenye meza ya kioo mjini Nairobi, wakibishana nani atakuwa mgombea mwenza wa nani. Nilikaa saa nzima. Yale maneno madogo yapitayo chini ya picha niliyasoma yote mara tatu. Nyatike haikutajwa. Mabwana wale walipochoka wakaja wengine wanne, wakaanza pale pale walipoachia wenzao. Kijana mmoja mezani akasema, "Hawa hata Nyatike hawajui iko wapi. Mama, tuwekee mpira." Mama akaweka mpira.

Nikapanda matatu, nikapita Rodi Kopany, Rongo na Awendo mpaka Migori. Njia nzima simu ililia. Mmoja asema wamekufa 20, mwingine asema shimo lenyewe si la Nyatike, ni la Kakamega. Nilipofika kwa wakwe zangu kilio kilikuwa kimekwisha kuanza. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, wanawake wamemzunguka. Mimi kwa desturi zetu sikuweza kumkaribia. Nilisimama uani pamoja na wazee. Viti vya matanga vilikuwa vimekwisha kuazimwa.

Saa kumi na moja jioni shemeji akatokea juu ya pikipiki, mwili wote matope, lakini mzima. Alikuwa ametoka shimoni kwenda kuchukua kamba kabla udongo haujashuka. Tangu asubuhi alikuwa akifukua kuwatoa wenzake, na simu yake ilikuwa imefukiwa. Waliokufa walikuwa wawili. Wawili ni wengi, Mungu awarehemu. Lakini nyumba kumi zilishinda zikilia watu walio hai. Mama mkwe alianguka usiku ule kwa presha, na mpaka leo anakunywa dawa kila siku.

Siku ya tatu gari la stesheni ile likafika. Wakapiga picha za wanawake waliokuwa wakilia, dakika kumi, wakaondoka. Jioni tukajiona kwenye kioo. Walisema ajali ilitokea "Homa Bay."

Baadaye nilikutana na kijana anayewaandikia kutoka Migori. Nikamlaumu. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema: "Kaka, mimi nilifika shimoni asubuhi ile ile. Nililipa pikipiki kwa fedha zangu. Nilihesabu watu, nikazungumza na msimamizi, nikapeleka habari na picha kabla ya saa tano. Wakanijibu kwamba hakuna nafasi, kuna mjadala. Mimi hulipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, silipwi, hata nauli."

Ndugu zangu, habari ya kweli ilikuwako. Ilikuwa mikononi mwao saa tano asubuhi. Waliiacha ilale, nasi tukalia mpaka jioni. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya jambo hili.

STESHENI ZENYEWE ZIMEFIKAJE HAPA?

Tusiwasingizie watu, tutazame mambo yalivyokwenda. Stesheni ya KTN ilianza mwaka 1990, nayo ndiyo televisheni ya kwanza hapa Kenya isiyokuwa ya serikali. Siku zile ilikuwa ikirusha pia matangazo ya CNN ya Marekani. Kwa njia hiyo Wakenya wakajua kwamba yawezekana televisheni kutoa habari saa 24 bila kulala. Baadaye ikaja K24, ambayo jina lake lenyewe lilikuwa ahadi ya habari saa 24. Mwaka 2015 KTN nayo ikafungua stesheni ya pili ya habari tupu, KTN News.

Kisha mambo yakaharibika. Oktoba 2019 wafanya kazi wa K24 walipewa barua za kuachishwa kazi. Katikati ya mwaka 2020, wakati wa korona, kampuni yenye stesheni hiyo ikapunguza tena watu. Julai 2024 Standard Group, kampuni yenye KTN, ikatangaza kupunguza wafanya kazi zaidi ya 300. Si Kenya peke yake. CNN yenyewe, mama yao wote, ilitangaza Januari 2025 kwamba itapunguza watu wapatao 200.

Wakubwa wa stesheni wana maelezo yao, nayo yana kweli ndani yake. Wanasema matangazo ya biashara yamehamia kwenye simu, kwa makampuni ya Ng'ambo kama Google na Facebook. Wanasema serikali, ambayo ni mteja mkubwa wa matangazo, huchelewa kulipa, tena yaweza kuhama siku yo yote. Ni kweli: Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Na wanasema wamezimwa kwa nguvu. Hilo nalo ni kweli. Tarehe 30 Januari 2018, siku ya kile kiapo cha Raila Odinga Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa, na zilikaa gizani siku nyingi. Tarehe 25 Juni 2025, vijana walipoandamana, serikali ilikataza kuonyesha maandamano moja kwa moja na mitambo ikazimwa tena, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo.

Haya yote nayakubali. Lakini nauliza: je, siku zile ambazo hakuna aliyewazima, na fedha zilikuwako, walituletea nini? Mtu akiibiwa ng'ombe ana haki ya kulia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa amekwisha konda kwa njaa, mwizi hakumkondesha.

UGONJWA WENYEWE

Sisi watu wa reli twajua biashara hufa namna gani. Mzigo unapopungua, wakubwa hukaa mezani wakasema: "Tufunge stesheni ndogo, hazileti kitu." Tazama laini yetu kutoka Nakuru: Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Kibigori, Miwani, Kibos. Kila moja peke yake ni ndogo. Ukifunga mbili, mama mwenye ndizi na mwenye mahindi wanapanda lori. Mwaka unaofuata mzigo wa Kisumu nao umepungua, kwa kuwa Kisumu ililishwa na wale wadogo. Basi wakubwa husema tena: "Tupunguze na magengi." Bolti zinalegea, mataruma yanaoza, gari laenda polepole kama konokono, wateja waliobaki wanakimbia. Mwisho hubaki injini moja ikivuta mabehewa huku na huku ndani ya yadi, moshi mwingi na kelele nyingi, lakini hakuna safari.

Stesheni ya habari yenye mabwana wanne mezani mchana kutwa ni ile injini ya yadini. Inanguruma, haiendi po pote.

Kwa nini wanapenda meza? Kwa sababu meza ni rahisi. Mwanasiasa huja mwenyewe, hadai mshahara, tena anashukuru. Kumpeleka mtu Macalder au Kehancha au kisiwa cha Mfangano ni gharama: gari, petroli, chakula, siku mbili. Kwa hiyo fedha zikipungua, wa kwanza kukatwa ni mtu wa mbali. Lakini yule wa mbali ndiye aliyekuwa na mzigo! Maneno ya mwanasiasa kila stesheni inayo, na simu yangu pia inayo, tena bure. Habari ya shimo la Nyatike, iliyohesabiwa na mtu aliyesimama pale, hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Walitupa dhahabu wakabaki na mchanga.

Tazameni hata CNN. Ilianza mwaka 1980 mjini Atlanta na wengi waliicheka. Iliyoipa jina duniani ni Januari 1991, mabomu yalipoanza kuanguka Baghdad. Waandishi wake walikuwa mle mjini hotelini, wakieleza yale wanayoyaona na kuyasikia. Haikuwa meza nzuri iliyowapa sifa. Walikuwa na watu mahali jambo lilipotokea. Miaka mingi baadaye, Machi 2022, kampuni hiyo hiyo ilifungua huduma mpya ya kulipia kwenye intaneti, CNN+, kwa mamilioni mengi ya dola. Ilifungwa baada ya mwezi mmoja. Walijenga jengo jipya la stesheni bila kufikiri kwanza litapokea mzigo gani.

Nasi hapa tumeona mfano mwema pia. Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akapelekwa Nairobi, na siku ya pili alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Polisi walisema kwanza kwamba alijigonga kichwa ukutani. Siku zile televisheni zilifanya kazi. Zilifika kwa baba yake, zikasimama nje ya chumba cha maiti, na madaktari waliopasua maiti waliposema kwamba majeraha yale ni ya kupigwa, nchi nzima iliwasikia kwa masikio yake. Katika hoteli ile ile ya steji, hakuna aliyeomba mpira wiki ile. Mwenye hoteli alisema hajapata kuuza chai namna hiyo. Basi wasituambie kwamba watu hawataki habari. Watu wanataka habari. Wamechoka kelele.

DAWA YAKE

Laini yetu ya Nakuru mpaka Kisumu ilikaa muda mrefu bila gari la abiria. Ikakarabatiwa, na Desemba 2021 gari la abiria likafika tena Kisumu. Kazi ile haikuanzia kwenye kupaka rangi behewa. Ilianzia chini, kwenye mataruma, bolti na madaraja. Nami naona stesheni ya habari inayotaka kufufuka yafaa ianzie chini vivyo hivyo. Isituletee mtangazaji mpya, wimbo mpya na kioo kipana zaidi. Nataja mambo manne.

Kwanza, iweke watu njiani. Kila kaunti iwe na waandishi wake wanaokaa pale, wanaojua lugha ya pale, nao walipwe mshahara wa mwezi. Mtu anayelipwa kwa habari iliyotoka ni kibarua wa tani, na kibarua wa tani huleta kile kinachonunuliwa haraka: damu, matusi na vilio. Mtu wa mshahara aweza kukaa siku tatu akahakikisha jambo. Kaunti za Homa Bay na Migori zilihesabiwa mwaka 2019, zikapatikana na watu zaidi ya 2,240,000. Nchi ya watu wengi hivyo haiwezi kuletwa kwenye kioo na vijana wawili wasio na nauli.

Pili, iwe na ratiba, na isitangaze neno ambalo halijathibitishwa. Gari la moshi lina saa yake, na haliondoki mpaka imethibitishwa kwamba njia ya mbele ni wazi. Stesheni ya habari ifanye hivyo. Alfajiri, kabla wavuvi wa Mbita na Sindo hawajashusha mashua, itoe habari ya upepo wa ziwani. Asubuhi itoe bei za omena, mahindi na miwa, sokoni kwa sokoni. Saa saba, habari za kaunti. Jioni, habari za nchi na za ulimwengu. Katikati, kama hakuna jipya, iseme hakuna jipya, ionyeshe kazi za watu. Na ujumbe kama ule wa watu 12 unapopita kwenye simu, iwe ni desturi ya kila Mkenya kusema: "Ngoja tusikie wale wenye mtu pale." Siku stesheni itakapoaminiwa hivyo, haitauawa na simu, kwa maana simu zenyewe zitakuwa zikiitegemea.

Tatu, ifuate jambo mpaka mwisho wake. Mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa makampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka 30. Kiwanda cha Sony cha Awendo ni kimoja. Siku ya kutangazwa kamera zilikuwako. Lakini mfanya kazi wa Awendo hataki kujua siku moja tu. Anataka kujua mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili: wangapi wamebaki kazini, malimbikizo ya mshahara yamelipwa kiasi gani, mkulima analipwa baada ya siku ngapi, nani aliyeahidi na nani aliyetimiza. Stesheni itakayoandika ahadi hizo katika daftari na kuzisoma hadharani kila mwezi, ndugu zangu, hiyo kila mfanya kazi wa viwandani ataitazama. Hata wenye kiwanda wataitazama, kwa hofu.

Nne, iseme Kiswahili chenye kueleweka. Kwetu huku Mjaluo, Mkuria, Mkisii, Msuba na Mluhya wanakutana katika soko moja. Redio za Kijaluo kama Ramogi na Mayienga zina wasikilizaji wengi, na kisiwani Mfangano ilianzishwa Ekialo Kiona, redio ya Kisuba. Hizo zinafanya kazi njema ya nyumbani. Lakini Isebania, mpakani, ni Kiswahili kinachomwezesha Mkuria wa huku kusikilizana na mchuuzi wa Tanzania. Stesheni zetu za habari zimegawa siku: Kiingereza kwa wakubwa saa nyingi, Kiswahili kwa wananchi saa chache. Stesheni ya habari yenye Kiswahili asubuhi hadi usiku, ikichukua habari kutoka kwa redio ndogo kama hizo na kuzilipa, ingefungua soko ambalo wengine wanalipita kila siku kama gari lisilosimama.

NA FEDHA JE?

Hapa ndipo watu hucheka. Husema, "Mwananchi halipii habari." Nami nasema nendeni Migori Jumamosi mtazame vibanda vya mpira. Kijana asiye na kazi hulipa shilingi zake kuona timu ya Uingereza, timu ambayo hata haijui kama yeye yupo. Watu hulipa kitu wanachokiona kuwa chao.

Sikilizeni hesabu ya mtu wa gengi. Tuseme nchi nzima nyumba 100,000 tu zakubali kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa M-Pesa. Hiyo ni shilingi 5,000,000 kila mwezi. Kenya ina kaunti 47. Weka waandishi wawili kila kaunti, wawe 94. Mpe kila mmoja shilingi 40,000. Jumla ni 3,760,000. Zinabaki 1,240,000 za nauli, simu na kamera. Najua mitambo, mafundi na kodi ya leseni vina gharama zaidi ya hapo, wala sisemi matangazo ya biashara yaachwe. Nasema hivi: waandishi wa njiani, ambao hukatwa wa kwanza, wanaweza kulipwa na wananchi wenyewe, na mtu asiweze kuwakata kwa sababu waziri amekasirika au mwenye kampuni ya bia amebadili nia.

Wala si ndoto. Mjini Berlin, Ujerumani, kuna gazeti liitwalo taz. Tangu mwaka 1992 ni mali ya ushirika wa wasomaji na wafanya kazi wake. Sisi Wakenya kwa vyama vya akiba na mikopo hatuna wa kutufundisha. Kama walimu, watu wa chai na watu wa reli wanaweza kuweka akiba pamoja wakajenga majumba, hawashindwi kununua hisa katika stesheni ya habari, na kuweka sharti kwamba hakuna mtu mmoja atakayeishika yote.

Na lile la kuzimwa? Serikali huzima kwa urahisi kitu kisicho na mwenyewe. Mwaka 2018 waliokwenda mahakamani walikuwa wachache, na wengi wetu tulingoja tu picha zirudi. Nyumba 100,000 zinazolipa, zikizimiwa stesheni yao, si watazamaji tena, ni wenye mali walionyang'anywa. Waziri atafikiri mara mbili.

LETU SISI

Nimesema ya televisheni. Sasa niseme yetu, maana ni rahisi kunyooshea wengine kidole. Naomba mambo matatu yaletwe mbele ya mkutano wa tawi.

La kwanza, chama chetu kiwaandikie ndugu zetu wa chama cha waandishi wa habari, Kenya Union of Journalists, kuwaambia kwamba twasimama nao juu ya mishahara ya nyuma na kuachishwa kazi, na hasa juu ya wale vijana wa mashambani wanaolipwa kwa kipande. Wakati wa shida yetu tuliwataka waje na kamera. Wakati wa shida yao tusikae kimya.

La pili, kila tawi lichague mwanachama mmoja mwaminifu, ambaye ajali au jambo likitokea njiani atahakikisha kwanza, ndipo awape waandishi habari. Na sisi wote tuache kupeleka mbele ujumbe ambao hatujui umetoka kwa nani. Mimi mwenyewe siku ile ya Nyatike niliupeleka kwa watu saba kabla chai yangu haijapoa. Nilikuwa na uhakika gani? Sikuwa nao. Mmoja wa wale saba ndiye aliyemwambia mama mkwe. Hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya niandike.

La tatu, itakapotokea stesheni yenye moyo wa kuweka watu njiani na kuwalipa, tuwe wa kwanza kutoa zile shilingi 50. Tusiseme ni ya wengine.

Kaburi la Tom Mboya liko Rusinga, huku kwetu Homa Bay. Mwaka 1955 watu wa bandari walipogoma Mombasa, yeye alikuwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi mjini Nairobi. Hakubaki Nairobi akatoa maneno. Alishuka mpaka Mombasa, akawasikiliza waliogoma, ndipo akasema kwa niaba yao, nao wakaongezwa mshahara. Alikwenda kwanza, akasema baadaye. Stesheni zetu zinasema kwanza, na kwenda haziendi.

Migori na Homa Bay hazina reli hata leo. Wazee wa Kendu Bay na Homa Bay hukumbuka meli za reli zilizotia nanga kwenye magati yao, zikichukua pamba na watu. Zilipoacha kuja, magati yalibaki na watu wakazoea kuishi bila meli. Hilo ndilo naliogopea stesheni za habari. Hazitafungwa kwa kishindo. Watu watazoea tu. Watazoea kulia walio hai, na kuwasahau waliokufa, na hakuna atakayeuliza tena habari ya kweli ilikuwa ipi.

Kesho alfajiri nitakuwa kwenye kipande changu cha reli, nikigonga bolti moja moja kwa nyundo nisikie ipi imelegea. Abiria hawanioni, wala hawajui jina langu. Lakini bila mtu wa kutembea njia, hakuna gari. Wenye televisheni wakitaka kuishi, nawapa shauri hilo moja: ajirini watu wa kutembea njia.

Wasalaam,
Ni mimi mwenzenu wa gengi, tawi la Kisumu.